Jina la nne: kuufuata ukoo wa wachuma karafuu Pemba

Kila Mpemba anatembea na vizazi vitatu mfukoni: jina lake, la baba yake na la babu yake, kama yalivyoandikwa kwenye kitambulisho. Tuseme mtu anaitwa Kombo Faki Hamad, mzaliwa wa 1960. Ukikadiria miaka 30 kwa kila kizazi, Faki alizaliwa karibu na 1930 na Hamad karibu na 1900. Baba yake Hamad, ambaye kitambulisho hakimtaji, alizaliwa karibu na 1870. Huyo ndiye wa kutafutwa. Alikuwa mtoto mchanga kimbunga cha Aprili 1872 kilipoilaza chini mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo ghala la karafuu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu amri ya kuondoa utumwa ilipotoka mwaka 1897. Ukilipata jina lake na mahali alipolala, utajua watu wako walikuwa upande gani wa mambo hayo mawili.

Kibarua wa shamba wa Uingereza ana wepesi ambao sisi hatuna. Makanisa ya kwao yaliamriwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na mazishi tangu 1538, na sensa yao inaandika jina la kila mtu wa nyumba tangu 1841. Anaweza kurudi nyuma vizazi kadhaa bila kumsumbua mzee yeyote. Kwetu mpangilio ni mwingine: mdomo kwanza, mashamba na makaburi baadaye, karatasi mwisho. Anayekimbilia karatasi kwanza hurudi na majina mia yanayofanana, asijue lipi ni lake.

Chukua daftari la jalada gumu, lile wanaloliita kaunta buku, la kurasa 200 hivi. Jipe namba 1. Baba yako ni 2, mama yako ni 3. Kanuni ni moja tu: namba ya mtu ukiizidisha kwa 2 unampata baba yake, na ukiongeza 1 hapo unampata mama yake. Basi 4 na 5 ni babu na bibi wa kuumeni, 6 na 7 ni wa kukeni. Majina ya kitambulisho ni 1, 2 na 4, na jina la nne ni namba 8. Wazazi wako wakiwa watoto wa ndugu wawili wa kiume, jambo la kawaida kabisa vijijini, namba 8 na namba 12 ni mtu mmoja. Usifute mojawapo, andika pembeni "12 ndiye 8" uendelee. Mwenye wake zaidi ya mmoja, kila mke apewe ukurasa wake pamoja na watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa. Waliokufa wachanga waandikwe pia. Pengo la miaka minne mitano kati ya ndugu wawili mara nyingi lina kaburi dogo ndani yake, na bibi akiulizwa kwa upole atalitaja.

Maana anayeulizwa mwanzo ni bibi. Wazee wa kiume hujua mipaka ya mashamba na sifa za ukoo. Wanawake hujua nani alizaa na nani, nani alinyonyeshwa na shangazi yake, nani aliachika akarudi kwao na mimba. Usimuulize mwaka aliozaliwa mtu. Muulize: "Bibi, nani alimbeba nani mgongoni?" Swali hilo linapanga watoto wa nyumba nzima kwa dakika tano. Kisha: nani alikuwa kifungua mimba, nani kitinda mimba, nani alikuwa tayari ameolewa huyu alipozaliwa, nani alikuwepo mazikoni.

Maneno ya udugu ndiyo yanayoharibu madaftari mengi. Baba mdogo huitwa "baba" tu, babu ni kila mzee wa rika la babu, na ndugu anaweza kuwa binamu wa tatu au mtoto wa kulea. Kila mtu akitajwa uliza mara mbili: "Ni baba aliyemzaa?" na "Walitoka tumbo moja?" Bila maswali hayo utamweka ami mahali pa baba, na kuanzia hapo mti wote umekwenda kombo.

Rekodi kwa simu baada ya kupata ridhaa, asubuhi, usizidishe saa moja. Andika jina kama lilivyotamkwa. Akisema Hamisi usimsahihishe ukaandika Khamis. Utaona huko mbele kwa nini. Na kabla ya swali la kwanza, sema wazi kwamba hujaja kudai shamba. Pemba, mtu anayeuliza nani alizaliwa na nani hudhaniwa anatafuta mirathi, na mara nyingi dhana hiyo imekuwa ya kweli. Usiende na wakili, usiende na karatasi za mashamba, na usimhoji mzee mmoja huku majirani wamesimama mlangoni.

Kuna kitu nyumbani ambacho watu hukipita kila mwaka bila kukitazama: karatasi ya hitma. Familia nyingi huwa na orodha ya marehemu wanaosomewa, imekunjwa ndani ya msahafu au juzuu. Imenakiliwa kutoka orodha ya zamani zaidi, na hiyo nayo kutoka nyingine. Majina yamo kwa "bin" na "binti", mara nyingi mpaka la nne na la tano, kwa sababu aliyeiandika alitaka dua ifike kwa mwenyewe. Nakili yote, hata majina ambayo hakuna anayeyajua tena. Wanawake wasio na watoto, ambao mirathi na vitambulisho vimewasahau, wamo humo.

Sasa miaka. Mzee akisema ana miaka 70, hakikisha ni ya kalenda gani. Miaka 33 ya kalenda ya Kizungu ni sawa na 34 ya Kiislamu, kwa hiyo mwenye miaka 68 ya Kiislamu ana 66 ya ile nyingine. Mwaka wa Hijria ulioandikwa kwenye karatasi au jiwe uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1289 unakupa 1872, ule wa kimbunga. Hesabu hii inaweza kupinda kwa mwaka mmoja, basi usiandike zaidi ya ilivyokupa. Miezi watu wa shamba huitaja kwa mifungo: Mfungo Mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani, Mfungo Tatu ni wa Hija, Mfungo Sita ni wa Maulidi. Wakulima na wavuvi wana hesabu ya tatu, ya miongo ya siku kumi kumi kuanzia Mwaka, yaani siku ya mwaka mpya wa jadi, ile inayokogwa Makunduchi mwezi wa Julai. Ukiambiwa mtoto alizaliwa "mwongo wa mia", hiyo inampa anayejua kuhesabu kipindi cha siku kumi tu; usiipuuze. Majina yenyewe pia husema: Juma na Khamis ni siku, Rajabu, Shaabani na Ramadhani ni miezi, Haji mara nyingi ni wa Mfungo Tatu, Mwaka ni wa siku ya mwaka. Lakini jina la siku huweza kuwa la babu aliyerithiwa, basi lichukue kuwa dalili, usilifanye ushahidi.

Matukio hupima vizuri kuliko umri. "Ulikuwa umeanza chuo Sultani Khalifa alipofariki?" inakupa Oktoba 1960. Mgomo wa karafuu wa wafanyabiashara wa Kihindi ni 1937 na 1938. Mapinduzi ni Januari 12, 1964, siku chache kabla ya Ramadhani ya 1383, na wengi wanaukumbuka mwezi ule wa mfungo kuliko tarehe yenyewe. Swali linalofaa kuliko yote, hasa kwa wanawake, ni la mahari: yalilipwa kwa rupia au kwa shilingi? Rupia ya Zanzibar iliondoka mwaka 1936 na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia. Bibi aliyesimuliwa kwamba mama yake aliolewa kwa rupia kadhaa amekupa mpaka: ndoa ni kabla ya 1936, na kifungua mimba wa ndoa ile kwa kawaida hayuko mbali sana na siku ya harusi. Vivyo hivyo stakabadhi ya karafuu ya frasila na rupia ni ya zamani kuliko ile ya frasila na shilingi. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16, ukitaka kujua babu alipeleka mzigo wa kiasi gani.

Mashamba nayo yanasomeka. Mkarafuu huanza kuzaa ukiwa na miaka sita hadi minane, na uliotunzwa huendelea kwa miaka themanini na zaidi. Ukioneshwa mikarafuu "aliyoipanda babu" na ukaambiwa alianza kuichuma kabla ya vita vya pili, toa miaka minane: alikuwa mtu mzima mwenye haki ya kupanda mahali pale mapema miaka ya thelathini. Haki ya kupanda, nimesema, si lazima haki ya ardhi. Desturi ya visiwa vyetu inatenganisha mti na ardhi. Mtu huweza kumiliki mikarafuu kumi katika kiwanja cha mwengine, akairithisha, akaiuza, na udongo ukabaki wa mwenyewe. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa shamba andika vitu viwili mbalimbali: miti ya nani, ardhi ya nani. Ongeza cha tatu, shamba linaitwaje, kwani mashamba mengi yamebaki na jina la mwenyewe wa zamani hata baada ya kugawiwa. Waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi waliandikwa kwa majina yao, na hati ile, hata ikiwa imechakaa, mara nyingi ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali ambayo mchumaji aliwahi kuandikwa ndani yake kama mtu mwenye kitu.

Karatasi yenye utajiri kuliko zote ni ya mirathi, na ni huzuni kuona watu wakiitazama kwa ajili ya mali tu. Mgao wa sheria ya Kiislamu unasomeka kama picha ya familia. Tuseme marehemu aliacha mikarafuu 80, na karatasi inasema mke 10, wanaume wawili 20 kila mmoja, mabinti watatu 10 kila mmoja. Mke amepata thumni, yaani 1/8, basi marehemu aliacha watoto. Angekuwa hana watoto, mke angepata robo. Ukikuta watu wawili wenye 1/16 kila mmoja, hao ni wake wawili. Ukimkuta mwanamke mwenye sudusi, 1/6, pamoja na watoto wa marehemu, uwezekano mkubwa huyo ni mama yake, alikuwa bado hai siku ile. Umepata namba nyingine ya daftari na uhakika kwamba alimzika mwanawe. Ukikuta ndugu wa kiume wa marehemu amerithi pamoja na mabinti, hakuna mtoto wa kiume aliyebaki. Aliyefariki kabla ya baba yake hatatokea kabisa, wala watoto wake, ikiwa ami zao wapo. Ndiyo sababu tawi zima la ukoo huweza kukosekana katika mirathi na bado liko hai kijiji cha pili.

Mafaili haya yatafute Mahkama ya Kadhi ya wilaya na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ya zamani zaidi yatafute Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Usipande boti kabla hujaandika kila jina kwa kila tahajia inayowezekana: Hamisi na Khamis, Omari na Omar, Bakari na Abubakar, Faki na Fakih, Saidi na Said. Karani wa Kizungu aliandika alivyosikia, karani wa Kihindi alivyosikia yeye, na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kina mtego wake: herufi be huweza kusimama kwa b, p na mb, na karani mwenye haraka huacha nukta. Kijiji usichokitambua kwenye waraka, kisome kwa sauti ukibadilisha konsonanti moja moja kabla hujasema hakipo. Nenda na penseli, nenda na miaka yako miwili, wa mwanzo na wa mwisho wa kipindi unachokitafuta, na uandike alama ya kila faili ulilofungua, hata lisilokuwa na kitu, usije ukalifungua tena mwakani.

Tumerudi kwenye jina la nne. Amri ya Aprili 6, 1897, ya Sultani Hamoud bin Mohammed, haikumwachia huru kila mtu siku ile. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru, na masuria waliachwa nje mpaka 1909. Kwa hiyo wako walioandikwa na kupewa hati, na wako waliobaki kwenye mashamba yaleyale kwa makubaliano ya kazi, wasiandikwe popote. Dalili zao ni hizi. Jina la furaha au la bahati, kama Mabruki, Feruzi, Farijala, Majaliwa. Jina lisilo na "bin", badala yake "wa" na jina la mwenye shamba. Ukoo unaojulikana kwa jina la shamba au la bwana bila udugu wowote naye. Na katika mirathi, mtu asiye ndugu aliyechukua kilichobaki: sheria ilimpa aliyemwacha mtu huru haki ya kumrithi akikosa warithi wa damu wa kuchukua baki. Dalili moja haitoshi. Mbili zikikutana mahali pamoja na mwaka mmoja, andika kwa penseli na uendelee kutafuta.

Familia inayokumbuka kwamba babu "alikaa kwa Wazungu wa Banani" ina njia ya ziada. Makweka (Quakers), dhehebu la Kikristo la Uingereza, walifungua misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, mara tu baada ya amri ya 1897, na waliotoka utumwani waliajiriwa pale kwa ujira. Karatasi za Makweka wa Uingereza ziko maktaba ya Friends House, London. Za misheni ya Kianglikana, iliyokuwa na kituo upande wa Wete, ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Jamaa aliye Uingereza anaweza kuziangalia ukimpa majina na miaka.

Hapa wazee wengi hunyamaza, na ukimya wao uheshimiwe. Usimlazimishe mtu kusema neno lile mbele ya wajukuu wake, wala usichapishe asili ya walio hai bila ruhusa yao. Lakini ndani ya daftari usidanganye. Mtu aliyechuma pishi kwa pishi za karafuu zisizo zake, akasimama akadai uhuru wake, akapanda mikarafuu kumi ya kwake, anastahili kuandikwa kwa jina lake mwenyewe, bila kuvishwa nasaba ya kuazima. Na wapo wengi ambao jina lao la nne linafunguka upande mwengine: wenyeji wa viambo vya zamani, Watumbatu, Wahadimu waliovuka kutoka Unguja msimu wa karafuu, wakakaa kambi za wachumaji miezi mitatu minne, wakaoa, na wengine wakarudi kwao wakaacha mtoto tumboni. Ukiona babu "alitoka Unguja" na hakuna mtu ajuaye kijiji, hesabu miezi tisa kutoka msimu mkubwa wa mavuno.

Waliokwenda upande wa pili wasisahauliwe. Wapemba wa Shimoni na Vanga, waliofuata samaki mpaka pwani ya Kenya na kutambuliwa rasmi na nchi ile mwaka 2023, huweza kulijua jina ambalo kijiji chenu kimelipoteza, kwa sababu aliyehama hulishika jina la alikotoka kwa nguvu.

Makaburini nenda na mzee na simu. Mengi hayana maandishi, ni mawe mawili tu. Pemba iko karibu kusini kabisa ya Makka, basi maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia uso ukielekea kaskazini, kichwa kikiwa mashariki; jiwe la kichwa ni la mashariki. Chora ramani kwa hatua kutoka kwenye mti au ukuta wa msikiti, andika nani yuko ubavuni mwa nani, na pima urefu, kwani kaburi fupi ni la mtoto. Usikwangue jiwe wala kulipaka chaki. Liloweshe kwa maji, subiri jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi liingie kwa ubavu, na maandishi yaliyofutika yatanyanyuka.

Makosa mawili yaliyobaki. La kwanza ni kizazi kilichomezwa. Mjukuu hupewa jina la babu, basi mstari unakuwa Faki Kombo Faki Kombo Faki, na msimuliaji akisema kwa haraka, Faki wawili wanakuwa mmoja. Piga hesabu kila mara: kati ya baba na mwana isiwe chini ya miaka 18 wala zaidi ya 60, na ikizidi 45 uliza tena. La pili ni kurukia Shirazi, yaani kudai kwamba ukoo ulitoka Uajemi. Kutoka mtu wa 1870 mpaka hao wa Uajemi ni karne nyingi, na mwenye majina matano tu hawezi kuzijaza. Andika ulichoambiwa kama ulivyoambiwa, na jina la aliyekuambia, kwenye ukurasa wake peke yake, usikiunganishe na namba yoyote.

Daftari likikamilika toa nakala tatu: moja ibaki kijijini, moja iende mjini, moja iende kwa jamaa aliye mbali. Kilichomo kwenye simu kichapishwe, kwani simu hufa na mwenyewe. Andika kwa penseli ngumu kwenye karatasi nene. Wino wa kalamu huyeyuka kwa unyevu wa masika, penseli haiyeyuki. Weka ndani ya kopo lenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na ukuta wa udongo ambako mchwa hupandia.